Oveni Iliyochaguliwa Mezani

Bwana Pantaleo alikuwa na namna yake ya kula kuku. Aliuvunja mfupa kwa magego, akaunyonya mpaka ukatoa mlio, kisha akaulaza ukingoni mwa sahani, akachukua mwingine. Mafuta yalimteremka hadi kwenye kifundo cha mkono, naye akayafuata kwa ulimi. Nilikuwa nimeketi mbele yake, na kwa mara ya tatu tangu ziara zetu zianze, chakula changu kilinishinda.

"Mwalimu Asnath, huli?" aliniuliza, huku akiitazama sahani yangu na si mimi.

"Nimeshiba."

"Basi hilo paja lisiende bure." Akalichukua.

Sisi watatu tuliokuwa katika ukumbi wa hoteli ile, mjini Dodoma, tulikuwa kamati ya kuchagua oveni. Mwenyekiti alikuwa Mkuu wa chuo chetu, Bwana Yotham. Pantaleo alikuwa afisa ununuzi. Mimi ni mwalimu wa upishi na uokaji. Chuo kiko kando ya barabara iendayo Hombolo, kina wanafunzi wa bweni, na mkate wao wa asubuhi ulikuwa ukiokwa kwa kuni, katika tanuri la matofali lililojengwa kabla yetu sote. Serikali ilikwisha kuagiza taasisi zinazolisha watu wengi ziachane na kuni. Chuo kikatengewa fungu la oveni moja, nasi tukatumwa kwenda kuziona oveni zikifanya kazi.

Mwokaji wetu alikuwa Mama Zipora. Alikuwa mwanamke mrefu, mcheshi, na macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Aliyapangusa kwa ncha ya khanga bila kukatisha anachosema, kama mtu afukuzaye nzi. Daktari wa macho alikuwa amemweleza waziwazi kwamba jicho la kushoto limeanza kupofuka, na kwamba akiendelea kuinamia moshi, la kulia litafuata. Siku tulipoanza ziara alinisindikiza hadi kwenye gari.

"Mwalimu, mimi siombi oveni kubwa wala inayong'aa," aliniambia. "Nileteeni isiyoishia stoo."

Nilijua anachokisema. Shule moja upande wa Chamwino ilinunua oveni kubwa iliyomeza umeme kiasi kwamba muhula haukwisha kabla haijafunikwa turubai. Wapishi wakarudi kwenye kuni, na agizo la Serikali likabaki ubaoni. Kwa hiyo swali letu lilikuwa moja tu: ni oveni ipi itakayooka mkate wetu kwa umeme ambao chuo kinaweza kuumudu kila siku? Oveni ya namna hiyo ina ukuta mnene uliojazwa sufi ya kuzuia joto. Mlango wake unabana. Ukubwa wake unalingana na kazi, kwa maana oveni kubwa inayookea trei mbili ni sawa na basi zima linalompeleka mtu mmoja sokoni. Mambo haya huonekana jikoni, na jikoni ndiko tusikokwenda.

Sababu yake ilikuwa Mkuu. Bwana Yotham alizaliwa katika nyumba ya tembe, akalelewa na babu yake, na katika malezi yale mwanamume mgeni hakanyagi jikoni kwa watu. Huketi anapoketishwa. Huletewa maji ya kunawa, huletewa chakula, hushukuru. Kuingia kuchungulia sufuria za mwenyeji ni kumvua nguo mwenyeji huyo. Ni adabu ambayo nyumbani naiheshimu. Lakini tulikuwa tukiizunguka Dodoma na kila tulipofika, wenyeji walituketisha ukumbini, wakatulisha, na Mkuu akaipima oveni kwa kutafuna.

Katika hoteli hii alikuwapo pia Bwana Gerson, muuzaji wa oveni, mwenye viatu vya ncha na manukato yaliyopambana na harufu ya kitunguu saumu. Oveni ya jikoni humo ilitoka kwake. Kuku alipoletwa, Gerson alisimama, akaichukua firigisi kwa uma, akaiweka kwenye sahani ya Mkuu kwa mikono miwili.

"Ya mkubwa hiyo," akasema.

Mkuu aliitafuna firigisi kwa utulivu, macho ameyafumba nusu. Alipomeza alisema, "Kuku huyu ameiva hadi ndani, na ngozi imekauka. Oveni iliyomtoa kuku huyu ndiyo tunayoitafuta."

"Nilikwambia nini, Mkuu!" Gerson alicheka, akampiga Pantaleo begani. Pantaleo alikuwa amekwisha kumwita mhudumu na kumwomba mfuko wa kufungia mabaki.

Nikasema nakwenda kunawa, nikapita mlango wa nyuma.

Harufu ilinipokea kabla ya mtu. Ilikuwa harufu ya mafuta yaliyochacha juu ya mafuta mengine yaliyochacha, na kitambaa kibichi kilichofutia kila kitu tangu Jumatatu. Sakafu ilinishika viatu. Mpishi, dada mmoja mnene aliyeitwa Erica, alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akijipepea kwa kifuniko.

"Shikamoo, mwalimu. Karibu, ila usiegemee hapo."

"Marahaba. Nimekuja kuiona oveni."

"Ile pale." Alielekeza kwa kidevu.

Kwa nje ilikuwa ya bati la kung'aa, ndefu kuliko mimi. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba ya katani. Nilipoufungua, haikunipiga joto. Ndani kulikuwa na vitunguu, gunia zima lililomwagwa kwenye trei, pamoja na jozi ya kandambili. Mpira wa mlango ulikuwa umetafunwa na panya pembe zote mbili za chini, na vinyesi vyao vilitapakaa juu ya trei kama mbegu za papai zilizokauka. Maganda makavu ya vitunguu yalikuwa yamepenya kwenye matundu ya kinga ya feni. Mende mmoja alitoka nyuma ya trei, akanitazama, akarudi kwake bila haraka.

"Kuku mmemchoma wapi?" niliuliza, nikiwa nimeziba pua.

"Uani, kwa mkaa. Kwani ungemchoma wapi?"

"Na hii huwashwa lini?"

Erica alicheka hadi kreti likalia. "Wakija wa kupiga picha! Mwalimu, ukiiwasha hii, mita ya LUKU inakimbia kama imeona nyoka. Bosi alikataza zamani. Tumeifanya kabati. Tena kandambili si zangu, usije ukanisingizia."

Nilitoka uani, nikatema mate mchangani. Jiko la mkaa lilikuwa pale, bado jekundu, na manyoya ya kuku kando yake.

Sikumsema mwenyeji mbele ya meza. Nilingoja mpaka tukaingia garini, nikamweleza Mkuu kila nilichokiona, kwa mpangilio, tangu kamba ya mlango hadi mende. Nilidhani atashtuka. Alishtuka kweli, lakini kwa jambo jingine.

"Umeingia jikoni kwa watu?"

"Mimi ni mwalimu wa upishi, Mkuu."

"Ulikuwa mgeni." Alitazama dirishani. Alikuwa na haya usoni, haya kwa niaba yangu. "Watu wametukirimu, wewe unakwenda kuwahesabia mende. Kila nyumba ina kona yake."

"Mkuu, kuku hakuokwa mle."

"Hukumwona akiingia, hukumwona akitoka. Bwana Gerson ni mtu mzima, hawezi kunilisha uongo na firigisi juu."

Pantaleo, kiti cha nyuma, aliupapasa mfuko wake wa mabaki uliokuwa ukivuja kwenye suruali. "Mwalimu ana kinyaa cha kuzaliwa nacho," alisema. "Hata chai ya kikao huwa anaichungulia kwanza."

Gari zima lilinuka kuku baridi. Niliteremsha kioo. Nilimfikiria Zipora akiniuliza habari za safari, na mimi nikimjibu kwamba tumechagua kabati la vitunguu.

Asubuhi yake nilikwenda ofisini kwa Mkuu na ombi moja. Sikurudia habari ya mende. Nilisema tu kwamba fungu la oveni ni la mara moja, hivyo ingefaa wauzaji walete oveni zao chuoni, zioke unga wetu, kwa umeme wetu, mbele yetu. Nilimpendekeza pia Angelina, fundi wa karakana moja huko Zuzu, atengenezaye oveni ndogo kwa mikono yake. Nilikwishaiona kazi yake.

"Hapa kwetu wewe ndiwe mwenyeji, Mkuu," niliongeza. "Mwenyeji kuingia katika jiko lake si aibu."

 Mkuu akampigia simu Gerson, na Gerson akakubali papo hapo. Alisema ataleta oveni mpya kabisa, iliyotoka kwenye boksi.

Ilikuja juu ya gari la mizigo siku ya majaribio, imevingirishwa nailoni, inang'aa kiasi cha mtu kujitazama. Ilinukia sabuni. Nilikagua mpira wa mlango: ulikuwa mpya, mweusi, bado una ulaini wake.  Kwa dakika kadhaa niliamini kwamba nimemkosea mtu.

Ya Angelina ilikuja juu ya guta la magurudumu matatu. Ilikuwa fupi, imepakwa rangi ya kijivu, na kulehemu kwake kulionekana. Pantaleo aliizunguka akicheka.

"Hii ni oveni au banda la kuku?"

"Ni oveni, baba," Angelina alimjibu, akiifuta mikono kwenye ovaroli. "Kuku wako umemwacha wapi?"

Mama Zipora alicheka hadi akashika ukuta. Mkuu alisimama nje ya kizingiti cha jiko, amevaa suti, mikono nyuma. Nyuma ya Zipora tanuri la matofali lilikuwa linawaka kama kila siku, kwa sababu wanafunzi wasingengoja majaribio yetu. Moshi ulijikunja chini ya bati, ukatoka kwa mlango ule ule aliosimama Mkuu.

"Mbukwenyi," Zipora alimwamkia kwa Kigogo. "Ingia, Mzee. Huko mlangoni ndiko unakopita moshi wote."

Mkuu aliingia.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Tulizima kila kitu cha umeme jikoni isipokuwa oveni inayopimwa, tukasoma mita ya LUKU kabla na baada. Kila muuzaji alipewa kinyunga kilekile, kilichoumuliwa pamoja, cha mkate wa siku moja. Na kabla ya kuwasha, nilibana karatasi kwenye mlango wa kila oveni na kuivuta. Karatasi ikichomoka kirahisi, mlango unapumua, na joto nalo litachomoka vilevile. Kwenye oveni ya Angelina karatasi ilichanika mkononi mwangu. Kwenye ya Gerson, pamoja na mpira wake mpya, ilitoka pembe ya chini kama barua kwenye bahasha iliyo wazi. Mlango wenyewe ulikuwa umepinda.

"Itakaa sawa ikipata moto," alisema Gerson.

Ikawashwa. Feni ikaanza kuvuma. Mwanzoni kulikuwa na harufu ya sabuni tu. Halafu chini ya sabuni ikaja nyingine, taratibu, kama mtu anayeingia kanisani kwa kuchelewa. Niliijua mara moja. Ni mafuta yaliyochacha juu ya mafuta mengine yaliyochacha. Kisha mkojo wa panya uliopashwa moto. Kisha kitu kama nywele zinazoungua.

"Kinanuka nini?" Mkuu aliuliza.

"Ni upya wake, Mkuu. Bati jipya hutoa harufu," alisema Gerson. Alikuwa ameanza kutoa jasho, na manukato yake yaliongeza ubaya wa hewa.

Mita ilikuwa ikienda mbio. Trei nne zilizokuwa na mkate zilikaa katikati ya nafasi tupu ya trei nyingine nyingi, na umeme wetu ulikuwa ukiipasha hewa. Mkuu aliitazama mita, akaitazama oveni. Macho yalianza kumtoka machozi kwa moshi wa tanuri, akayasugua kwa kiganja, yakazidi.

"Zipora," alisema, "moshi huu huwa hivi kila siku?"

"Leo una nafuu, Mzee. Kuni kavu."

"Tangu lini uko humu?"

"Tangu wewe hujaja." Alipangusa macho kwa khanga. "Nilidhani unajua."

 Kwa miaka yote aliyokiongoza chuo, Mkuu alikula mkate huu ofisini, ukiletwa kwenye sahani yenye kifuniko.

Mkate wa Gerson ulipotoka ulikuwa mweusi upande wa feni na mweupe upande wa pili. Gerson hakungoja. Alikata ubavu uliopendeza zaidi, akaupaka siagi, akampelekea Mkuu kwa mikono miwili kama alivyopeleka firigisi.

"Ya mkubwa, Mkuu."

Mkuu aliupokea kwa adabu, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kupokea chakula. Alitafuna mara moja, mara mbili. Taya likasimama. Alitia vidole viwili mdomoni, akavuta polepole, na kitu kikatoka kirefu, chembamba, cha rangi ya kahawia iliyokaribia uwazi. Alikiinua kwenye mwanga wa mlango. Lilikuwa ganda la kitunguu, limeungua ukingoni, na kwenye ubavu wake kimenata kinyesi cha panya, kimoja, kizima.

Nilichukua bisibisi ya Angelina, nikafungua kinga ya feni. Maganda yalimiminika hadi kwenye viatu vyangu: maganda ya vitunguu, mabawa ya mende, manyoya ya kijivu ya kiota. Mpira wa mlango ulikuwa umebadilishwa na bati limesuguliwa, lakini aliyesugua aliishia pale jicho la mnunuzi linapoishia. Ilikuwa oveni ileile ya hotelini, Gerson ameichukua kule ili atuuzie kama mpya. Kamba ya katani ilikuwa imeacha mkwaruzo kwenye mpini, na mkwaruzo haukutoka kwa sabuni.

Mkuu alikwenda hadi mlangoni, akatema nje. Akatema tena. Alipogeuka, uso ulikuwa wa majivu.

"Mwalimu Asnath. Kuku wa siku ile."

"Kwa mkaa, Mkuu. Uani."

"Na firigisi?"

"Nayo."

Alifumba macho, akameza mate, na nilimwona akizipitia moja baada ya nyingine meza zote tulizokalia, na majiko yote yaliyokuwa nyuma ya kuta za kumbi hizo. Kisha alimgeukia Gerson.

"Ondoa uchafu wako jikoni kwangu."

"Mkuu, tuzungumze, hili ni kosa la vijana wa stoo..."

"Uliniwekea sahanini kwa mikono miwili," Mkuu alisema kwa sauti ya chini. "Mikono miwili, Gerson! Ondoa."

Tulioka kinyunga kilichobaki katika oveni ya Angelina. Kilihitaji kuingizwa kwa awamu mbili, na ya pili ilitumia umeme kidogo zaidi kwa kuwa ukuta ulikuwa bado umeshika joto. Mkate ukiwa ndani, mlango haukufunguliwa hata mara moja, maana kuna kioo na taa ndani, na Zipora aliinama mbele yake akiutazama mkate ukipanda, uso wake karibu kabisa na kioo, bila kupangusa chochote. Mita ilitembea kwa hatua za mtu asiye na haraka. Tuliposoma mwisho, ilikuwa imekula chini ya nusu ya ile nyingine. Mkate ulitoka wa rangi moja pande zote. Zipora aliugonga kitako kwa kidole, akasikiliza, akaridhika.

Mkuu alipelekewa kipande. Alikishika, akakinusa, akakirudisha. "Sitaweza leo," alisema. "Mwalimu, wewe onja kwa niaba yangu." Nikaonja. Ulikuwa mkate mzuri, lakini harufu ya ile nyingine ilikuwa imenikaa puani, na nilimeza kwa wajibu.

Maamuzi yaliandikwa papo hapo, juu ya meza ya kukandia. Pantaleo aliandika huku pua ameikunja. Angelina alisema ataichukua oveni, aipake rangi vizuri, na kuirudisha baada ya wiki chache.

"Sawa," alisema Pantaleo. "Mama Zipora ataendelea na tanuri mpaka hapo."

Zipora alikuwa ameshika ndoo ya maji ya kuoshea trei.  Alimtazama Mkuu, na jicho lake la kushoto, lile lenye ukungu, lilikuwa limeelekezwa mahali pembeni kidogo ya uso wake.

"Rangi ya nini?" Mkuu aliuliza ghafla. "Mkate unakwenda kuokwa na rangi? Ibaki hapa hapa."

"Ibaki, Mzee," alisema Angelina.

Zipora alisogea mpaka kinywani mwa tanuri la matofali, akaimwaga ndoo yote juu ya kuni zilizokuwa zikiwaka. Majivu yaliruka pamoja na mvuke, yakatutulia sote vichwani, suti ya Mkuu ikageuka ya kijivu. Hakuna aliyelalamika isipokuwa Pantaleo, aliyekimbia nje kuiokoa mikate. Alikuwa ameikusanya yote ya Gerson, ile nyeusi upande mmoja, na kuifunga katika mfuko.

"Bwana Pantaleo," nilimwita, "mkate huo una kinyesi cha panya."

"Upande mmoja tu, mwalimu," alijibu akiukaza mfuko. "Nitaukata."